Bibi Kafika, au Bibi Kafariki?

Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba nilikuwa Saadani, nyumbani kwa wakwe zangu. Msomaji anayeijua pwani ile hana haja ya kuelezwa. Kwa wengine yatosha kusema kwamba ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Bagamoyo, ng'ambo ya mto Wami, na kwamba bahari iko mbele ya nyumba na pori liko nyuma yake. Pori hilo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na mtu akiamka mapema aweza kukuta nyayo za tembo ufukweni, karibu na mashua. Watu huishi kwa kamba, samaki na chumvi, na habari za mjini huzipata kwa simu.

Mama mkwe wangu alikuwa ameondoka siku iliyotangulia kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Alilala Bagamoyo kwa ndugu zake, na asubuhi ile tulimtazamia afike kwa binti yake mjini. Saa nne simu ya shemeji yangu ililia mara moja, kama ilivyo desturi ujumbe unapoingia. Ulitoka kwa mpwa wake, kijana wa kidato cha tatu, naye aliandika hivi:

"Shkm anko bb kfk asbh mama anll mpge cmu"

Shemeji yangu amekwisha kupita miaka sitini. Husoma vizuri, lakini husoma kama tulivyofundishwa sisi, neno baada ya neno, midomo ikitembea. Nilimwona midomo inasimama. Akarudia tena tangu mwanzo. Kisha akaketi chini juu ya wavu wake, akasema, "Bibi kafariki asubuhi. Mama analia. Mpige simu."

Tulipiga. Simu ya kijana ilikuwa imezimika, na ya mama yake iliita tu bila kupokelewa. Basi nani angengoja? Kabla ya adhuhuri majamvi yalikuwa yametandikwa, majirani wamefika na unga na sukari, na mashua mbili zilizokuwa tayari kutweka tanga zikabaki pale pale. Vijana wawili walipanda pikipiki kwenda Mkange kuwaarifu jamaa. Wazee wakaanza kushauriana kama maiti iletwe Saadani au izikwe mjini, na gari litakodishwa kwa fedha gani. Nami nilitoa nauli yangu ya kurudia. Shangazi wa mke wangu, ambaye ana ugonjwa wa moyo, alianguka uani, akapelekwa zahanati.

Saa tisa alasiri simu ikalia. Alikuwa mama mkwe mwenyewe.

"Mbona tangu asubuhi hamnipigii? Nilimwambia mtoto awape habari." Halafu akanyamaza kidogo, akisikiliza. "Nani hao wanaolia? Nani kafa hapo?"

Hapakuwa na mtu aliyeweza kumjibu.

Msomaji amekwisha kufahamu. Kijana aliandika: "Shikamoo, anko. Bibi kafika asubuhi. Mama analala. Mpige simu." Mama yake alikuwa amekesha kazini, ndiyo sababu alilala na hakusikia simu ikiita. Mtu aliyetulia angeweza kuona kwamba "anll" ina l mbili, hivyo haiwezi kuwa "analia", na kwamba "kafariki" ingetaka r ndani yake. Lakini mwenye hofu hahesabu herufi.

Jioni ile, majamvi yalipokwisha kukunjwa, watu walibaki wameketi nje wakizungumza, wengine wakicheka kwa haya, wengine bado na hasira. Maneno yalikuwa yale yale ambayo ye yote kati yetu amekwisha kuyasikia: simu zimeharibu watoto, simu zimeharibu lugha, watoto hawa hawajui tena sarufi. Palikuwapo mwalimu mstaafu, mtu aliyefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ndugu zangu, mtoto huyu amekosa, na atakemewa. Lakini tafadhali nionyesheni kosa la sarufi katika maneno yake."

Watu wakamtazama.

"Bibi kafika asubuhi," alisema Mwalimu. "Kosa liko wapi? Mama analala. Mpige simu. Mpige, si umpige wala mpigeni. Kila kiambishi kipo mahali pake. Mtoto amekula irabu, hakula sarufi."

Neno hilo lilinikaa moyoni, na tangu siku ile nimeyachunguza mambo haya kadiri ya uwezo wangu. Nataka kuwaeleza wasomaji niliyoyaona, kwa maana nadhani sisi wazee tunapiga kelele mahali pasipo mwizi, na mahali alipo mwizi tumelala.

Kwanza, kukata maneno si jambo la watoto wa leo. Pwani yetu imeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuandika kwa herufi hizi unazozisoma. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa p na b, na herufi moja kwa f na v. Basi aliyepokea barua ilimpasa kujua mwenyewe kama ndugu yake "anapata" au ana "bata", na kama shemeji yake "anavua" au "anafua". Wengine waliacha na alama za irabu. Barua za namna hiyo zilikusanywa na Mjerumani C. G. Büttner, akazipiga chapa kwao mwaka 1892, na watu wa Ulaya waliojifunza Kiswahili waliumwa vichwa kwa kuzisoma. Mwenyeji hakuumwa kichwa. Alimjua mwandishi, alijua habari inayotazamiwa, naye alijaza mwenyewe kilichopungua.

Halafu ilikuja simu ya waya. Mwaka 1890 waya ulitandazwa chini ya bahari kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Neno lenyewe "simu" latoka katika Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Watoto wetu leo wana simu isiyo na waya, nao hawaoni ajabu. Wenye umri wangu twakumbuka sana kwenda posta kupiga simu ya maandishi. Karani alihesabu maneno kwa ncha ya kalamu, nawe ulilipa kwa kila neno. Hapo Mswahili alikuwa na bahati kuliko Mwingereza. "Nitawapelekea" ni neno moja tu. Mwingereza angelipia matano. Tuliandika "Mama mgonjwa njoo haraka", bila nukta, bila salamu, bila hata jina la huyo mama, na hakuna aliyesema kwamba posta inaharibu lugha. Hofu, naam, tuliipata. Mtu akiletewa simu ya maandishi mikono ilitetemeka kabla hajaifungua, kwa kuwa kwa kawaida ililetwa na msiba.

Simu ya mkononi ilibadili hesabu. Mwaka 1985 fundi mmoja wa Ujerumani, Friedhelm Hillebrand, aliketi na mashine yake ya kupiga chapa, akaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi zake pamoja na nafasi. Akaona kwamba habari nyingi zatimia katika herufi 160, na hicho ndicho kipimo kilichowekwa. Ujumbe wa kwanza ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu za Krismasi. Simu hizi zilipoenea kwetu, mtu alilipa kwa kila ujumbe, na ukizidi herufi 160 ulihesabiwa kuwa mbili. Hapa faida ya Mswahili ikaisha, kwa sababu sasa haikuhesabiwa idadi ya maneno bali kila herufi. Kijana asiye na fedha akaanza kupunguza shehena, kama nahodha anayetupa mizigo baharini. Akatupa irabu kwanza, maana Kiswahili kina irabu nyingi na msomaji aweza kuzibuni.

Leo watu wengi hununua vifurushi, na tangu ilipoanza programu ya WhatsApp mwaka 2009 hakuna tena anayehesabu herufi 160. Sababu imekwisha, desturi imebaki.

Tena si yote yaliyokuwa ya kubana fedha. Tazama neno "xaxa", ambalo vijana huliandika mahali pa "sasa". Lina herufi nne, na "sasa" lina herufi nne. Amepunguza nini? Hakuna. Ni pambo tu, kama mtoto wa kike anavyofunga kilemba kwa namna ambayo mama yake hakuifunga.

Lakini yako mengine yenye akili, nami nakiri kwamba yalinichekesha. Kijana akitaka kusema "tuko pamoja" huandika "2ko p1". Ile 2 huisoma kwa Kiingereza, ikawa "tu". Ile 1 huisoma kwa Kiswahili, ikawa "moja". Katika maneno mawili amevuka mpaka wa lugha na kurudi, na mwenzake amemfuata bila kujikwaa. Vivyo hivyo herufi c huiita kwa jina lake la Kiingereza, ikawa "si": "cjui" ni sijui, "cna" ni sina, "ucku mwema" ni usiku mwema. "M2" ni mtu, "w2" ni watu, "k2" ni kitu. Mwalimu alinionyesha jambo moja ambalo sikulitambua: mtoto asiyejua kukata neno katika silabi zake hawezi kabisa kuandika namna hii. Lazima ajue kwamba "usiku" ni u-si-ku ndipo aweze kuitoa ile "si" ya katikati na kuweka c.

"Umesahau kinyume?" aliniuliza. Sikusahau. Tulipokuwa watoto tulisema kinyume ili wazee wasitufahamu, tukichukua silabi ya mwisho na kuiweka mbele. Nyumba ikawa "mbanyu", Saadani ikawa "nisaada". Hakuna aliyepotewa na lugha yake kwa mchezo ule. Na mtoto mzito wa kinyume mara nyingi alikuwa ndiye mzito wa imla.

Wataalamu wa nchi nyingine wamelipima jambo hili. Mwaka 2009 Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi wa Uingereza walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watoto 88 wenye umri wa miaka 10 hadi 12. Waliona kwamba waliotumia vifupisho kwa wingi katika ujumbe wao walielekea kuwa wasomaji wazuri zaidi, si wabaya zaidi. Kule Toronto, nchi ya Kanada, Sali Tagliamonte na Derek Denis walisoma maneno zaidi ya milioni moja yaliyoandikiana vijana kwa kompyuta. Mwaka 2008 walieleza kwamba vifupisho vile vinavyolaumiwa havikufika hata maneno matatu katika kila mia. Wazee wa huko nao walikuwa wakilia kama wetu.

Basi, je, tufunge mjadala na kwenda kulala? Hapana. Kiingereza si Kiswahili. Neno la Kiingereza likikatwa irabu, mara nyingi hubaki neno lile lile, limekonda tu. Neno letu ni kama mtumbwi uliopakia jamaa nzima: mtendaji yumo, wakati umo, mtendewa yumo, tendo limo, na kila mmoja amekalia silabi moja. "Nitakupa" na "nitampa" zatofautiana kwa silabi moja, na fedha imekwenda kwa mtu mwingine. "Nimelipa" na "nimelipwa" zatofautiana kwa w tu, na katika w hiyo mna deni la mtu. Mnunuzi wa kamba akiandikiwa "nmlp" ashike lipi? Nimeuliza wavuvi watatu, nikapata majibu mawili. Kwa hiyo yasemwayo na wataalamu wa Toronto nayapokea kwa heshima, lakini siyapokei mzigo mzima.

Halafu kuna nukta na mkato. Andika ubaoni maneno haya: "Mama kasema baba haji". Bila alama, msomaji atafahamu kwamba mama amesema na baba ndiye asiyekuja. Sasa tia mikato: "Mama, kasema baba, haji." Mambo yamegeuka, na asiyekuja ni mama. Vijana wetu waandika ujumbe mzima kama uzi usio na fundo, nami naona jambo hili lina hatari kuliko x zote na c zote. Yule kijana wetu, kama angaliweka nukta mbili tu, huenda mjomba wake angalivuta pumzi mahali pa nukta na kusoma vema.

Lakini lililonishangaza zaidi nililiona katika madaftari. Mwalimu huwasaidia watoto wa jirani masomo ya jioni, akanionyesha insha zao. Nilitazamia kukuta "xaxa" na "2ko". Katika madaftari kumi na moja nilikuta "2" moja tu, nayo imefutwa na mwenyewe. Watoto wanajua kwamba ule ni uandishi wa simu na huu ni uandishi wa shule, kama tunavyojua sisi kwamba nguo ya kuvulia samaki haivaliwi harusini. Nilichokikuta ni kitu kingine. "Ata" mahali pa hata. "Apa" mahali pa hapa. "Uyu", "ela", "kwaiyo", "kwasababu" limeunganishwa, na "ame kuja" limetenganishwa. Watoto hawa ni wa pwani! Wakisema, h yasikika wazi kabisa. Hakuna mtoto wa Saadani atamkaye "apa". Wameitoa wapi basi? Wameiona. Wameiona imeandikwa mara elfu katika simu za kaka zao, mpaka macho yakashinda masikio.

Hapo ndipo alipo mwizi. "2ko p1" haiwezi kumdanganya mtoto, maana imevaa vazi la mchezo. "Apa" huingia nyumbani kimya kimya, imevaa kama neno la heshima.

Tena yapo makosa ambayo twayatupia simu bure. Nilipokuta "samaki hii" na "nimeona Juma" badala ya "nimemwona Juma", Mwalimu alicheka, akaniambia nisikilize redio, nisikilize na hotuba za wakubwa. Makosa hayo yatoka vinywani, na mengine yatoka katika Kiingereza kilichotafsiriwa kwa haraka. Simu imeyaandika tu.

Nami nisijifanye hakimu asiye na doa. Msomaji ameona labda kwamba naandika "ye yote" kwa maneno mawili. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyeunganisha alichorwa kwa wino mwekundu. Leo kamusi zasema "yeyote", neno moja, na mwalimu kijana angenichora mimi. Kiswahili cha maandishi kimepangwa na watu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa 1967, na mapatano yao hubadilika. Lakini ni mapatano. Jamii nzima huambiwa, vitabu hupigwa chapa, na mzee wa Saadani na mtoto wa Dar es Salaam wanasoma jambo moja. Vifupisho vya simu navyo ni mapatano, ila ni ya darasa moja au mtaa mmoja, na kosa la kijana wetu lilikuwa kutumia mapatano ya darasa lake kwa mtu asiyekuwamo darasani.

Wazazi wataniuliza, tufanye nini? Kuwanyang'anya simu sioni kama kwafaa. Shule nyingi haziruhusu simu, na bado wakirudi nyumbani huziazima. Naona swali la kweli ni hili: mtoto wako huandika nini kingine? Mimi nilipokuwa shule ya bweni, kila Jumapili tuliketi baada ya chakula tukaandika barua nyumbani, na mwalimu wa zamu aliipitia kabla haijatiwa gundi. Sikuipenda kazi ile. Lakini kwa mwaka mmoja niliandika barua zaidi ya thelathini zenye mwanzo, katikati na mwisho, kwa watu niliowaheshimu. Mtoto wa leo aandika maneno mengi kwa siku kuliko niliyoandika mimi kwa mwezi, na yote huwaandikia wenzake wa rika lake. Hana mtu wa kumwandikia kwa adabu. Sasa hata kuandika kunapungua, maana wengi hurekodi sauti na kuipeleka. Kwa bibi asiyejua kusoma ni neema kubwa, sikatai. Kwa mtoto anayejifunza kuandika ni kipindi kingine cha mazoezi kilichopotea. Na simu zenyewe hazisaidii. Simu ya mke wangu, ukiandika "tu", hugeuza kuwa "to", kwa kuwa aliyeitengeneza alidhani kila mtu ni Mwingereza.

Mwalimu hakungoja shauri la mtu. Jioni mbili kwa wiki huchukua ujumbe wa kweli kutoka katika simu za wanafunzi wakubwa, ule usio na siri, akauandika ubaoni kama ulivyo. Watoto huupanua: kila irabu mahali pake, nukta, mkato, herufi kubwa. Kisha huuliza, "Yaweza kusomwa namna nyingine?" Nilihudhuria jioni moja. Aliandika "ntkp kesho". Mmoja akasoma "nitakupa kesho". Wa pili, "nitakopa kesho". Msichana mdogo aliyekaa nyuma akasema, "Nitakupiga kesho!" Darasa likaanguka kwa kicheko. Lakini sijaona somo la sarufi linaloshikwa upesi namna ile. Waliona kwa macho yao kazi ya kila silabi.

Yule kijana wetu alipewa adhabu na mama yake: aandike barua ya karatasi kwa mjomba wake, kuomba radhi. Ilifika kwa mkono wa dereva baada ya siku tisa, kurasa mbili kamili. Shemeji aliniruhusu kuisoma. Haikuwa na x, wala c mahali pa si, wala tarakimu isiyokuwa ya tarehe. Ilikuwa na "ata" mara mbili, na sentensi moja iliyoanza juu ya ukurasa ikaishia chini bila nukta. Pia ilikuwa na maneno haya, ambayo sikudhani kijana wa kidato cha tatu aweza kuyaandika: kwamba tangu siku ile, kila anaposhika simu, humwona mjomba wake ameketi juu ya wavu. Shemeji aliikunja barua, akaiweka katika kasha pamoja na vyeti vyake.

Mama mkwe alirudi baada ya wiki tatu, jicho moja limefungwa kitambaa. Shangazi alikuwa amekwisha kupata nafuu. Siku aliyofika Saadani alimwita mtoto wa jirani mwenye simu, akamwambia aandike kwamba bibi amefika. Mtoto akabonyeza haraka haraka, akasema, "Tayari, bibi."

"Nisomee."

Mtoto akasoma, "Bibi amefika salama."

"Sikutaka unisomee maneno. Nisomee herufi."

Mtoto akamtazama, kisha akaitazama simu. Akafuta yote, akaanza upya, polepole, na bibi akakaa karibu yake akihesabu kwa vidole.